Piza ya Kasongo: makala mengi juu, machache chini

Mtu anayejua kuoka utamtambua kwa namna anavyopanga makala. Aliyezoea kusonga bukari na kukaanga samaki atayasukuma yote chini ya sufuria, apulize, angoje. Aliyezoea kuoka atabakiza machache tu kwenye mbabula, kisha atayachukua mengine kwa koleo, moja baada ya jingine, na kuyatandaza juu ya mfuniko. Katika nyua za Kasongo akina mama wa aina hii ya pili hawakosi. Ndio wanaotoa keki ya harusi, ya ubatizo au ya Idi katika nyumba ambayo haijawahi kuona waya wa umeme. Na ndio, ingawa wengi wao hawajaambiwa, walio karibu na piza kuliko kijana anayeitazama kwenye simu na kumeza mate.

Muulize kijana huyo kwa nini haipiki nyumbani, atakupa majibu matatu bila kufikiri: hatuna tanuri, hatuna jibini, hatuna umeme. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja linalozuia kitu. Piza ilikuwapo kabla ya umeme. Jibini si sharti, nitaeleza kwa nini. Na tanuri, ukilitazama vizuri, ni mahali palipofungwa ambapo moto unapiga kutoka chini na kutoka juu, basi. Piza ya kuoka inadai mambo mawili tu ambayo hayana mbadala: unga uliopewa saa zake za kuumuka, na moto wa juu. La kwanza ni subira. La pili ni mfuniko bapa wa chuma na koleo.

Mji wenyewe haujawahi kuogopa chakula cha watu wengine. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yule Tippu Tip, alipoufanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, misafara ya Waungwana haikuleta nguo na baruti peke yake. Ilileta pia kilimo cha mpunga, na leo nani Maniema anauita wali chakula cha kigeni? Majeshi ya Leopold wa Pili chini ya Francis Dhanis yalipouteka mji tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao, Sidney Hinde, alistaajabu kwa aliyoyakuta: maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Aliyaandika yote katika kitabu chake kilichotoka 1897. Anayesema piza si chakula chetu aulize kwanza muhogo ulitoka wapi. Ulivuka bahari kutoka Amerika, kama nyanya na pilipili, na nyanya hiyohiyo ya Amerika ndiyo iliyoifanya piza ya Italia kuwa nyekundu.

Ndugu zetu wa kihistoria kule Unguja, ambako Tippu Tip alirudi kuzeeka na kufia mwaka 1905, wanayo piza yao. Ukifika Forodhani jioni utaiona: unga laini usio na hamira unavutwa mpaka unakuwa kama karatasi, unatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya chuma. Ni tamu, na anayepita Zanzibar asiikose. Lakini kwa macho yangu ukoo wake uko Uarabuni, kwenye mutabbaq, kuliko Italia. Ile ninayoizungumzia leo ni mkate bapa ulioumuka, uliopakwa nyanya na kuokwa wazi.

Hiyo ilikulia Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia, na ilikuwa chakula cha mafukara. Waliila vibarua na wavuvi, wakiinunua barabarani, wakiikunja mkononi na kwenda zao. Iko hadithi maarufu ya mwaka 1889, kwamba mpishi Raffaele Esposito alimwandalia malkia Margherita piza ya nyanya, jibini na majani ya mrehani, ikachukua jina la malkia. Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hiyo, nami siitegemei. Linalonihusu mimi ni kwamba iko piza nyingine ya Napoli, marinara, ambayo ina nyanya, kitunguu saumu, mafuta na majani makavu ya oregano. Haina jibini hata chembe, wala hakuna Mnapoli anayesema si piza. Kwa mtu wa Kasongo anayeanza, hiyo ndiyo ya kuanzia.

Wanapoli wenyewe wameifanya kazi hii kuwa kama dini. Mwaka 1984 waliunda chama cha kulinda piza yao, kikaandika masharti: tanuri la kuni lenye joto la nyuzi zipatazo 485 za Selsiasi, piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza sanaa yao katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima wanastahili. Ila anayeanza nyumbani akisoma takwimu hizo hukata tamaa, maana sufuria yetu yenye makala juu na chini, ikipangwa vizuri, inafika nyuzi 200 na kitu, labda 250. Kwa joto hilo piza inahitaji dakika 12 hadi 15, na muda huo wote unga unakauka. Dawa yake ni mafuta kidogo ndani ya unga ili ubaki laini, na sukari kidogo ili upate rangi kabla haujawa mgumu. Mnapoli hatii hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu moto wake haumpi nafasi ya kuvihitaji.

Sasa unga. Ngano haipendi joto la huku bondeni mwa Lualaba. Katika nchi yetu inalimwa kidogo kwenye baridi ya milima, kama huko Lubero, Kivu ya Kaskazini. Farini ya madukani Kasongo imesafiri sana kabla ya kufika, kutoka pande za Kivu au za Ziwa Tanganyika, kwa lori, kwa pikipiki, hata kwa baiskeli inayosukumwa kwa mkono kwenye tope, na kila kilomita imejilipia katika bei. Ndiyo maana nasema usinunue bila kunusa. Unga uliopigwa na unyevu una harufu ya ukungu, na hamira haiwezi kuufufua. Wadudu ni jambo dogo, chekecha. Kama mfuko umeandikwa kiasi cha protini, chagua wenye gramu 11 au 12 katika kila gramu 100, ule wanaopikia mikate. Wenye protini chache ni wa keki, ukiuvuta unakatika.

Watu huuliza kama unga wa muhogo unaweza kuchanganywa ili kupunguza gharama. Unaweza, lakini kwa mkono mwepesi. Kinachoshika mapovu ya hamira ndani ya unga wa ngano ni gluteni, uzi unaojijenga unga unapokutana na maji na kukandwa. Muhogo hauna gluteni, mchele hauna, mahindi hayana. Sehemu moja ya muhogo kwa tisa za ngano haitaonekana. Ukizidisha hadi theluthi, utapata kitu kinachofaa kuliwa na chai, ila kisiitwe piza. Unga wa mchele una kazi nyingine: unyunyize kidogo juu ya sahani ya kuokea, donge halitagandia.

Kipimo ninachokipendekeza ni cha gramu 500 za farini, ambazo ni kama vikombe vinne vya robo lita vilivyojazwa bila kushindiliwa. Maji kikombe kimoja na robo, kwa kikombe hichohicho. Chumvi vijiko viwili vidogo vya chai, vya kusawazisha. Sukari kijiko kimoja cha chai, mafuta kijiko kimoja cha mezani. Mafuta ya karanga yanafaa kabisa. Mawese usiyatie ndani ya unga, yatautawala kwa ladha na rangi. Yaache, kazi yake inakuja kwenye nyanya.

Hamira ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu wanadhani ikiwa nyingi unga utakuwa mzuri zaidi. Utakuwa wa haraka, si mzuri. Kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu kwa gramu 500, mchana wa Kasongo wenye nyuzi 27 au 28, huumua unga mara mbili kwa saa moja na nusu hivi, na ladha inabaki ya unga mtupu wenye hewa. Anayetaka ladha apunguze hamira na aongeze saa. Wenye friji huuweka unga kwenye baridi siku nzima au mbili, lakini nyumba zetu nyingi hazina umeme wa kutegemea, na kwa kweli friji haihitajiki. Kanda usiku baada ya chakula kwa robo tu ya kijiko cha chai, funika, weka sakafuni penye ubaridi mbali na mbabula. Asubuhi utaukuta umejaa beseni, una harufu kidogo ya pombe na ya tunda. Harufu hiyo ndiyo ladha ya mkate ikianza.

Hamira ya dukani nayo huchoka, hasa ile inayopimwa kutoka kwenye pakiti iliyokaa wazi. Ijaribu kabla ya kupoteza unga wa gharama: tia kidogo katika maji ya uvuguvugu yenye chembe za sukari. Baada ya dakika kumi ikiwa imetoa povu, iko hai. Ikinyamaza, itupe. Wazee wanakumbuka pia kwamba kabla ya pakiti hizi, malafu, pombe ya mchikichi iliyogemwa asubuhi hiyo, ndiyo iliyoumua mikate, na kweli ndani yake imo hamira ileile, ya asili. Ukiitumia, iwe badala ya maji yote, na unga usiachwe usiku kucha, utachacha. Kasongo ni mji wenye Waislamu wengi, na kila nyumba inajua mpaka wake katika hili.

Kukanda kwenyewe ni kazi ya mkono mmoja kwanza. Mkono wa pili ubaki mkavu, wa kushikia beseni na kuongeza maji. Mimina maji robo tatu juu ya farini yenye hamira na sukari, changanya kwa vidole, kisha ongeza yaliyobaki kidogo kidogo, kwa kuwa wakati wa mvua farini inakuwa imeshakunywa unyevu hewani na haitayataka yote. Ukiona hakuna tena unga mkavu pembeni, acha. Funika kwa kitambaa chenye maji, kaa dakika 20. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayopunguza kazi nusu: unga unajifunga wenyewe ukiwa umetulia. Ukirudi, tia chumvi na mafuta, ndipo ukande kwa nguvu. Sukuma kwa kiganja mbele, kunja kuja kwako, geuza robo, sukuma tena. Mwanzoni utagandia vidoleni na mtu atakushauri uongeze farini. Usimsikilize. Paka mikono mafuta kidogo, endelea. Kati ya dakika ya nane na ya kumi kitu kinabadilika mkononi, unga unaacha kuwa tope unakuwa ngozi. Kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili kuelekea mwangani. Kikiweza kuwa chembamba hadi unaona kivuli cha kidole upande wa pili bila kutoboka, umemaliza. Kikichanika mapema, dakika tatu zaidi.

Ukishaumuka, ugawe madonge manne, kila moja la gramu 200 na kidogo. Yaviringe, yafunike, yapumzike nusu saa nyingine au zaidi, maana donge lililotoka kukatwa linarudi nyuma kila ukilivuta na litakutia hasira. Kutandaza ni kwa vidole, kutoka katikati kwenda nje, ukiuacha ukingo wa upana wa kidole kimoja bila kuugusa. Anayepika chapati kila siku atataka kuchukua chupa asukume. Kwa mara ya kwanza si dhambi. Ajue tu kwamba chupa inatoa hewa ambayo hamira imeitafuta usiku kucha.

Nyanya zetu zina maji mengi, na maji ndiyo adui wa piza ya sufuria. Napoli hutia nyanya mbichi zilizopondwa, kwa kuwa tanuri la nyuzi 485 linakausha papo hapo. Hapa zipike kwanza. Zichovye kwenye maji yanayochemka, menya, kamua mbegu, katakata. Kaanga kitunguu saumu katika mawese kidogo, kiasi cha kupaka tu chini ya sufuria, tia nyanya na chumvi, acha wazi bila mfuniko hadi kijiko kikipita katikati kiache njia isiyojifunga. Msimu wa nyanya ukiisha, kopo dogo la nyanya ya dukani linafaa. Likaange kwanza kwenye mafuta kwa dakika mbili ili ukali wa bati utoke, ndipo uongeze nusu glasi ya maji. Kwa kila piza vinatosha vijiko viwili vya mezani, visizidi. Oregano hutaipata kirahisi, lakini mrehani unaoota nyuma ya nyumba au kivumbasi cha porini vinafanya kazi hiyo vizuri. Kivumbasi kina nguvu, majani mawili matatu yanatosha.

Juu yake weka nini? Ningeanza na samaki wa Lualaba aliyekaushwa kwa moshi, hasa kambale. Mloweke maji ya moto, toa miiba yote kwa subira, mnyambue, mpitishe kwenye kikaango na kitunguu na pilipili. Moshi wake unaipa piza ya sufuria ile harufu ya kuni ambayo makala hayawezi kuitoa. Uyoga wa msimu wa mvua, ukikaangwa kwanza ukatoa maji yake, ni mzuri sana. Sombe pia inawezekana, na najua watakaocheka: sombe iliyopikwa jana, ikakamuliwa ikabaki kavu, ikatandazwa nyembamba na vitunguu juu yake. Kuku aliyebaki, dagaa, yai linalovunjwa juu dakika tano kabla ya kuepua, vyote vinakubalika kwa sharti moja, kila kitu isipokuwa yai kiwe kimeiva na kikavu kabla ya kupanda juu ya unga. Usipange vitu vitano pamoja. Viwili vinatosha.

Kuhusu jibini, nchi yetu inayo ya kujivunia. Ile ya Masisi, gurudumu la manjano linalofanana na Gouda ya Uholanzi, inayeyuka vizuri na inafaa piza kuliko nyingi zinazotoka nje. Lakini Masisi iko mbali na Kasongo hata wakati wa amani, na tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, biashara ya mashariki yote imevurugika. Ukipata kipande, kikwangue chembamba na ukitie dakika za mwisho. Usipopata, tengeneza ya nyumbani. Chemsha lita moja ya maziwa, hata ya unga yaliyokorogwa mazito, ilimradi ni maziwa kweli na si ile poda ya kutia weupe kwenye chai. Yakianza kupanda, epua, tia maji ya limau vijiko vitatu vya mezani, koroga polepole. Yatakatika mbele ya macho yako, mabonge meupe huku na maji ya kijani-njano kule. Ngoja dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kandamiza kwa jiwe lililofungwa kwenye mfuko. Jibini hii haivutiki kama uzi na haiyeyuki, tusidanganyane. Inabaki vipande vyeupe laini vyenye ukali wa limau, na juu ya nyanya nzito inapendeza.

Tumefika kwenye moto. Chukua sufuria kubwa, nzito, ile ya aluminiamu iliyoyeyushwa na mafundi wetu, yenye upana wa kiganja zaidi ya piza yako. Nyembamba za dukani zitapinda. Mwaga ndani mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, usawazishe. Mchanga unagawa joto la chini ili piza isiungue katikati ikabaki mbichi pembeni. Asiyetaka mchanga aweke mawe madogo matatu, lakini mawe yasitoke mtoni siku hiyo: jiwe lenye maji ndani likipata moto hupasuka kwa nguvu, na limewahi kuumiza watu. Mfuniko uwe bapa, wa chuma au aluminiamu, wenye kingo kidogo za kuzuia makala yasidondoke. Usitumie kipande cha bati la kuezekea, maana zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi wenye sumu ikipata moto mkali. Na kazi yote hii ifanyike uani au kwenye baraza lililo wazi. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu ambayo imeua familia nzima katika usingizi.

Washa makala mengi, yashike yote hadi yawe na majivu meupe juu. Funika sufuria, weka juu ya mbabula yenye moto wa kutosha, na tandaza makala juu ya mfuniko, kwa dakika 20 hivi kabla piza haijaingia. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanaweka piza kwenye sufuria ya uvuguvugu, unga unakauka kabla ya kuumuka, halafu wanalaumu hamira. Jaribio ni rahisi. Nyunyiza farini kidogo kwenye sahani ya bati iliyokaa juu ya mchanga. Ikigeuka kahawia ndani ya sekunde kama 15, tayari. Ikiwa nyeusi mara moja, punguza chini. Ikibaki nyeupe, ngoja.

Piza iingie ikiwa juu ya sahani ya bati nyembamba iliyonyunyizwa unga wa mchele, na iingie haraka, joto lisitoroke. Sasa toa makala ya chini, yabaki theluthi moja. Theluthi mbili ziwe juu, zaidi pembeni mwa mfuniko kuliko katikati. Usifunue kabla ya dakika nane. Kila ukifunua unapoteza joto ambalo utalilipia kwa dakika mbili. Baada ya hapo inua upande mmoja uchungulie: ukingo unapaswa kuwa umevimba na kuanza madoa ya kahawia. Kama juu pamepauka na chini panaanza kunukia kuungua, ondoa sufuria kwenye mbabula kabisa, iweke chini kwenye udongo, na yaache makala ya juu yamalize kazi. Huu ndio ujanja ambao mama wa keki anaujua bila kufundishwa. Piza ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza siku zote, kwa sababu mchanga umeshika joto. Kwa hiyo ya kwanza wape watoto, hawatalalamika.

Aliye karibu na mwoka mikate ana njia fupi zaidi. Tanuri la matofali linalowashwa kuni usiku linakuwa kali mno kwa mikate mara tu moto unapotolewa, na mwokaji huwa anangoja lipoe. Nafasi hiyo ya kungoja ndiyo ya piza: dakika tano au sita, chini kabisa juu ya matofali yaliyofagiliwa. Nenda ukaongee naye vizuri, ukiwa na madonge yako tayari kwenye sinia na moja la ziada kwa ajili yake.

Na kwa asiye na sufuria nzito, wala mfuniko, wala mwokaji jirani, bado njia ipo, na ni ya Napoli vilevile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, mji ukiwa umepigwa mabomu na viungo vikiwa haba, wanawake wa Napoli waliikaanga piza katika mafuta mlangoni mwa nyumba zao na kuwauzia wapita njia. Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1954, *L'oro di Napoli*, ilimwonyesha Sophia Loren akifanya kazi hiyo. Mama anayekaanga mandazi kando ya barabara ya Kabambare, au anayewauzia wachimba dhahabu wa Namoya na Salamabila, anacho kila kitu alichokuwa nacho mama yule wa Napoli: karai, mafuta, unga ulioumuka na wateja wenye njaa. Atandaze donge, alikaange pande zote mbili, alikaushe mafuta, apake nyanya ya moto na samaki juu. Sijui kwa nini bado hakuna anayeifanya biashara hii kila pembe ya mji. Ningekuwa na mtaji mdogo wa kumkopesha mtu, ningemkopesha huyo.

Unaponunua farini wiki hii, basi, nunua nusu kilo zaidi na uanze na marinara, bila jibini na bila woga. Kanda Jumamosi usiku, oka Jumapili mchana. Ile saa hamira inapofanya kazi, wewe lala. Piza iliwe ya moto, haina ladha ikilala. Madonge yatakayobaki usiyatupe: yafunike, na Jumatatu asubuhi uyakaange kama mandazi, unywe nayo chai.